Paa Moja Majimoto

Malaba,
12 Julai 1974

Mama Mkwe,

Mulembe, kama mnavyosalimiana kwenu. Naomba barua hii ikukute umeketi kivulini na si kitandani. Sisi hapa ni wazima. Watoto wamepona surua, na binti yako Nasimiyu anasema nikuambie amenenepa, ingawa mimi sijaona.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kukuambia. Tangu nimuoe, mimi na wewe hatujawahi kuketi chumba kimoja. Nikija Bukhayo unapitia nyuma ya nyumba, nami natazama chini mpaka nisikie umepita. Silalamiki. Sisi Wateso nasi tuna heshima hiyo hiyo, na mama yangu hajawahi kuuona uso wa mume wa dada yangu. Lakini hakuna mzee aliyekataza karatasi, kwa hiyo nimechukua karatasi.

Jambo lenyewe ni miguu yako. Nasimiyu alirudi kutoka huko mwezi uliopita akalia siku nzima. Anasema njia ya kisimani unaishuka kwa makalio, ukijiburuta, na ndoo unaitanguliza mbele. Anasema vidonge vinatuliza maumivu asubuhi tu, na jioni magoti yanavimba tena.

Kuna mahali katika Bonde la Ufa panaitwa Majimoto. Maji yanatoka ardhini yakifuka moshi. Zamani palikuwa mapumziko ya Wazungu, halafu pakaachwa popo wakaingia. Mwaka huu baraza la wilaya ya huko limepatengeneza upya na kupafungua kwa watu wote. Karani mwenzangu hapa kituoni alimpeleka baba yake akiwa amebebwa. Mzee akarudi na fimbo tu, na hiyo fimbo anaitumia zaidi kupigia mbuzi.

Nimepewa likizo mwezi Agosti. Nataka twende sote: wewe, Nasimiyu, watoto, na mimi. Najua utauliza tutalalaje. Nimemwandikia msimamizi wa huko kumuuliza nyumba ziko ngapi, na kama kila moja ina paa lake. Akijibu nitakujulisha.

Ni mimi mkwe wako,
Okedi


Bukhayo,
21 Julai 1974

Mkwe wangu,

Yoga. Salamu hiyo ya kwenu nilifundishwa na mjukuu wangu. Mimi sijambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Mahindi yamekomaa, na tumbili wamelijua hilo kabla yetu.

Barua yako niliisoma, nikaificha chini ya godoro. Halafu nikajiuliza, Teresa, umeiba nini? Nikaitoa nikaiweka mezani. Ndipo Wesonga alipoikuta. Huyo ni ndugu wa marehemu mume wangu, unamjua, aliyeongea sana siku ya mahari yako.

"Shemeji," akasema, "tangu lini mkwe anamwandikia mama mkwe?"

"Tangu miguu ilipokataa."

"Hebu nisomee."

Nikamsomea yote, hata pale pa kunenepa. Akacheka mpaka akashika mlango. "Kwa hiyo unakwenda kuchemshwa kama kiazi."

"Kiazi hulainika, shemeji. Wewe hata tukikuchemsha wiki nzima, kuni zitaisha bure."

Hapo akaacha kucheka. Nikueleze ili ujue unachokiingilia. Mume wangu alipokufa, Wesonga alitaka kunirithi, nami nilikataa mbele ya watu. Tangu siku hiyo anatafuta sababu ya kunitoa katika boma hili. Akaniambia hivi: mwanamke akilala paa moja na mkwe wake, haya imekwisha, na asiye na haya hana nyumba kwetu. Akasema nikifanya hivyo nisirudi kupita lango lake. Lango lake. Mume wangu ndiye aliyechimba mashimo ya nguzo zile.

Umeuliza paa. Uliza na maji. Kama kidimbwi ni kimoja, watasema tumeoga pamoja. Ingawa mimi nafikiri hivi: katika mto wetu uitwao Sio, wanawake tunaoga juu na wanaume wanaoga chini, na maji yetu yanawafikia. Sijasikia mzee hata mmoja aliyekataa kuoga.

Wasalimu watoto.

Ni mimi mama mkwe wako,
Teresa


Malaba,
1 Agosti 1974

Mama Mkwe,

Mulembe tena. Sisi wazima. Tunatumaini tumbili wamekuachieni kidogo.

Msimamizi amejibu. Anaitwa Muzafaru, na naona swali langu lilimshangaza, maana ameandika, "Bwana, wageni huniuliza habari za chakula." Hata hivyo alitoka nje akaangalia. Zamani zilikuwa nyumba mbili, na kati yake uwanja. Walipotengeneza upya wakaziunganisha kwa ukumbi na kuezeka zote kwa bati jipya. Kwa hiyo sasa ni paa moja. Amesema kwa fahari kwamba halivuji.

Wangeziacha mbili tusingekuwa na taabu hii.

Nimepanga hivi. Katika garimoshi wewe, Nasimiyu na watoto mtakaa behewa la mbele, mimi la nyuma. Huko Majimoto mtalala ndani. Nyuma ya jiko kuna banda la kuni lenye paa lake peke yake, nimemwuliza, na mimi nitalala humo. Kidimbwi kina saa za wanawake na saa za wanaume, na maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, kama mto. Wesonga hatapata pa kushika.

Lakini uamuzi ni wako. Nyumba inayotishiwa ni yako, si yangu. Ukisema hapana, sitakuuliza mara ya pili.

Mkwe wako,
Okedi


Bukhayo,
5 Agosti 1974

Mkwe wangu,

Hatujambo. Jana Wesonga alikuja na mzee Mukhwana wa ukoo, akarudia maneno yake mbele ya shahidi. Mukhwana akaniuliza, "Mama Nasimiyu, umesikia?" Nikamwambia nimesikia, kilichoharibika ni magoti, si masikio.

Kata tiketi yangu.

Mama mkwe wako,
Teresa


Majimoto,
13 Agosti 1974, asubuhi

Mkwe,

Umeamkaje huko kwenye kuni? Karatasi hii nimeing'oa nyuma ya kitabu changu cha nyimbo. Nasimiyu ndiye anayeileta, na amenuna. Anasema, "Nyinyi wawili mtanimaliza. Nimeolewa au nimeajiriwa posta?"

Nataka ujue habari ya maji. Siku ya kwanza nilitia vidole tu, nikapiga kelele. Jana niliingia mpaka kifuani. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisii, mnene, alinishika mkono akasema, "Dada, acha kupigana nayo, yameanza kabla yako." Nikaacha. Nilisikia magoti yakifunguka kama ngumi ya mtoto aliyelala. Leo nimetoka kidimbwini bila kushikwa. Nasimiyu alinyoosha mkono, nikaupiga kofi.

Lakini nimesikia kukohoa kutoka huko bandani. Ni wewe?

Mama mkwe


Majimoto,
13 Agosti, jioni

Mama Mkwe,

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kikohozi ni changu ila ni kidogo. Mvua ya jana iliingia upande wa chini, na kuni zilizolowa zina baridi yake. Muzafaru anapita kila mara kunitazama. Leo amesema, "Boss, kitanda umekilipia na kiko wazi. Hizi kuni nazigeuza zisioze. Wewe nani anakugeuza?"

Usiache maji kwa ajili yangu. Ingia kila siku.

Mkwe wako


Majimoto,
15 Agosti

Mkwe,

Nasimiyu ameniambia una homa tangu jana, meno yanagongana, na chai umeirudisha. Ananiomba mimi nikuambie uingie ndani, kwa sababu yeye umemkatalia. Sasa nakuambia. Ingia ndani. Chumba cha mwisho upande wa pili wa ukumbi kiko wazi.

Mama mkwe


Majimoto,
15 Agosti

Mama,

Siingii. Nikivuka kizingiti kile, Wesonga amepata alichongoja tangu mazishi. Mimi nitapona, homa ni homa. Nyumba yako ikienda haitarudi. Naomba usiniamuru, maana sitaki kukukataa mara ya pili.

Okedi


Majimoto,
15 Agosti

Nimesoma. Heshima inayomwacha mtoto wa mtu afe kwenye kuni, sikulelewa nayo. Na nyumba ni yangu, umeandika mwenyewe, kwa hiyo hasara nitaipima mimi.

Nakuja huko.


Malaba,
2 Septemba 1974

Mama,

Mulembe. Hali yako? Miguu? Mimi nimerudi kazini. Daktari alisema ilikuwa mapafu, na kwamba siku moja zaidi katika baridi ile angekuwa anazungumza na mke wangu, si na mimi.

Ulishukia Bungoma ukapanda basi la kwenu, nami sikupata nafasi ya kusema neno. Tena nilikuwa nimezoea kutokusema. Sasa najikuta na maneno ambayo hayana pa kwenda.

Nililala nikiwa nimeukazia mlango macho. Niliona kitu cheupe kikivuka uwanja katika mvua, nikadhani ni homa. Ulikuwa wewe, na blanketi kichwani. Hukuwa na fimbo. Nasimiyu alikuwa nyuma yako akikuita, wala hukugeuka. Ulisimama mlangoni mwa banda ukanitazama usoni. Miaka yote hii nilidhani una uso mkali. Ukasema, "Okedi, toka." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kusikia kutoka kinywani mwako, na nilitoka kama mtoto wa shule.

Muzafaru alituona tukiingia chini ya lile bati lake, akasema tu, "Si nilisema halivuji."

Nasikia Wesonga alikungoja. Tafadhali nijulishe. Kama amekufukuza, chumba cha mbele hapa kwetu ni chako kuanzia leo, na maneno ya watu nitayabeba mimi.

Mwanao mkwe,
Okedi


Malaba,
11 Septemba 1974

Mama,

Hujajibu. Nimemwuliza kondakta wa basi la Busia, anasema barua aliikabidhi dukani kama kawaida. Nasimiyu hali chakula vizuri. Mwalimu mmoja wa huko kwenu alipita hapa, akatuambia ameona lango lenu limezibwa kwa miiba, hakujua zaidi. Jumapili nikipata ruhusa nitakuja mwenyewe, hata kama sitafika mlangoni.

Okedi


Bukhayo,
17 Septemba 1974

Okedi mwanangu,

Yoga. Sisi wazima, na ninaposema sisi nahesabu magoti yote mawili. Nisamehe kunyamaza. Sikutaka kuandika nusu ya habari. Na Jumapili hukuja, nilijua ruhusa imekataa, nikashukuru, kwa sababu mambo yalikuwa bado moto.

Nilipofika lango lilikuwa limezibwa kwa miiba kweli, matawi ya mgunga aliyoyakata Wesonga na wanawe. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Alifunga kwa kukisia, ili akikuta ni kweli awe ametangulia. Nikaweka mzigo chini, nikachomoa tawi moja moja. Wake wa Wesonga walikuwa wamesimama pembeni wakitazama miguu yangu, si mikono. Matawi nikayakokota mpaka jikoni, na ndiyo niliyopikia maharagwe siku ile. Mgunga unawaka vizuri.

Jioni wakaja, Wesonga na mzee Mukhwana na wengine wa ukoo. Wesonga akaanza kwa kuzunguka, nikamwokolea muda. Nikasema mwenyewe, kabla sijaulizwa: "Nimelala paa moja na mkwe wangu. Nimemtazama usoni. Nimemkorogea uji na nimemfunika blanketi. Andikeni."

Wesonga akawageukia wazee: "Mmesikia kwa masikio yenu. Mwanamke huyu amekwisha."

Mukhwana alisema kuna njia. Nitoe kondoo achinjwe, nitakaswe, niombe msamaha kwa ukoo, na nyumba itabaki.

Nadhani alinitakia mema. Na kondoo ninaye. Lakini nikamwambia, "Mzee, msamaha unaombwa kwa kosa. Niambie kosa ni lipi. Kijana aliacha kitanda chake akalala na kuni kwa siku zile zote ili nyinyi msiseme. Heshima yenu aliishika mpaka ikamwangusha. Mimi nilimwinua. Kama hilo ni kosa, nitalirudia kesho. Kondoo wangu hafi kwa hilo."

Wesonga akasimama. "Basi ondoka."

"Njoo unitoe," nikasema, nami nikasimama. Mwanangu, nilikuwa sijasimama mara moja namna hiyo tangu mazishi ya mume wangu. Hata mimi nilishangaa. Wesonga akarudi nyuma hatua, na wale wazee wakaona amerudi nyuma. Mukhwana akamwambia, "Keti, Wesonga. Mtu hatolewi nyumbani alikozaa." Yeye hakuketi. Akatoka.

Wametoka na amri hii: mpaka nitakapotoa kondoo, hakuna wa ukoo atakayekula chakula kutoka mkononi mwangu. Basi wasile. Wiki ya kwanza nilikula peke yangu, na sitakudanganya, sufuria ilikuwa kubwa kwangu. Wiki ya pili mke mkubwa wa Wesonga alipitia nyuma ya nyumba, kwenye ile njia niliyokuwa nikipita kukukimbia wewe. Mgongo wake umemsumbua miaka. Akaniuliza garimoshi la kwenda Majimoto linapandiwa wapi. Nikampa uji kwanza. Akaunywa wote.

Wesonga hajaacha. Anasema mkwe akikanyaga hapa ataona. Nami nimesema, mbele ya wake zake, kwamba mkwe atakanyaga.

Kwa hiyo njoo Jumamosi, wewe na Nasimiyu na watoto. Usije jioni kama mwizi. Njoo saa sita, watu wakirudi sokoni, na upite langoni ukiwa umeinua kichwa. Kuku nimeshamchagua. Utaketi mezani kwangu nami nitaketi ng'ambo, na utaniambia mwenyewe kama ameiva. Kama wameziba lango tena, msirudi. Nitaitoa meza, tutakula hapo barabarani, na kila apitaye atakaribishwa.

Barua hii usiijibu.

Ni mimi mama yako,
Teresa