Upindo Ulioniua Nikimenya Muhogo

Mwamini,

Sijakufa. Soma tena, na yule anayesoma nyuma ya bega lako asome pia: sijakufa. Na aliyeniua kwa uzi mweusi pale chini kwenye upindo wa libaya, blauzi niliyotumiwa, ajue kwamba vidole vyangu vimeiona kazi yake. Aibu gani hii! Mimi niliyekufundisha kupitisha uzi katika tundu la sindano, njo mimi, ndiye mimi, wa kutumiwa kilio changu ndani ya karatasi ya kaki?

Barua hii haina bahasha. Barua mbili nilizozibandika vizuri hukujibu, au hukuziona, na mimi sipendi hata moja ya hayo mawili. Kwa hiyo hii inaenda wazi, mikononi mwa watu wa boti kutoka hapa Kindu mpaka Ubundu, halafu mikononi mwa watu wa treni mpaka Kisangani. Anayejua kusoma asome kwa sauti. Barua iliyosomwa na boti nzima ni ngumu kuificha ndani ya droo.

Ninaiandika mwenyewe. Shule nilikaa miaka miwili tu, herufi zangu zinalala upande kama walevi, lakini ni zangu na utazijua. Ile iliyokuja na libaya siijui. Ilipigwa kwa mashini ya ofisi, tena mama yako aliponisomea mustari wa kwanza nikamwambia arudie: “Kwa Sitwayene Nkambo.” Mwamini, kwenye mukutano wa Chama waniite sitwayene, yaani mwananchi mwanamuke, sina neno, wote tunaitwa hivyo. Lakini tangu lini mimi, bibi yako, ni sitwayene kwako wewe, uliyenikojolea mugongoni njia yote ya sokoni?

Sasa nitaeleza mambo unayoyajua, kwa sababu si wewe peke yako unasoma.

Kwetu kila muntu ana jina la ngoma. Majina ya karatasi yalibadilishwa kwa amri, tukapanga mustari kubadilisha. Ya ngoma hakuna aliyeyagusa. Jina hilo linapigwa juu ya lukumbi, ile ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, yenye sauti nene na sauti nyembamba, na ng'ambo ya Lualaba watu wanasikia na kujua nani anaitwa. Na kila jina lina mukia. Mukia unapigwa siku moja tu, siku mwenyewe amekufa. Mutoto wetu akiupiga kwa muchezo anachapwa, hata kama ni mutoto wa shehe.

Unakumbuka ile masika tuliyolala ku shamba, katika kibanda chetu ng'ambo? Paa lilivuja kila mahali isipokuwa pale tulipoweka mashini ya kushona, kwa hiyo mashini ilikaa kavu na sisi tukalowa. Mimi nilikuwa ninakanyaga, wewe unashika kitambaa, na nkambo yako Ramazani, mume wangu, anagonga meza kwa vidole, hawezi kutulia, guitare ya radio ikinyamaza yeye anaendelea. Akaniambia: “Polepole, mama. Mashini yako inamwita muntu ambaye hatukumwalika.” Ukacheka mpaka uzi ukakatika. Halafu ukasikiliza vidole vyake juu ya meza. Ukasema: “Nkambo, sauti nene ilale, sauti nyembamba isimame.” Ukachukua sindano, ukamshonea jina lake kuzunguka upindo wa shati: ushono mumoja umelala, mumoja umesimama, miwili imelala. Yeye akafumba macho, akapitisha kidole, akasoma. Alipofika mwisho akakuta umeacha nafasi tupu, pana kama kidole gumba, pale mukia ungekaa.

“Aa,” akasema, “huyu ameniachia pa kupumulia.”

Njo hapo ilipozaliwa kazi yetu, hakuna pengine. Tuliiita Kibanda. Tulishona mashati, libaya, na abakosti, yale makoti ya kuvaliwa bila tai, za mikono mifupi kwa makarani wa reli, na ndani ya shingo kila nguo ilikuwa na kitambaa chekundu chenye kibanda cha uzi. Za kwanza nilizibandika mimi, paa likitazama chini. Karani mumoja akaniuliza: “Mama, hii nyumba imeanguka?” Nikamwambia: “Simama kichwa chini, utaiona sawa.” Akainunua. Mupaka leo akinikuta ku gare ya treni anainamisha kichwa kuniuliza kama nyumba imesimama.

Halafu Ramazani akafa. Sheria unaijua: aliyekufa jina lake linafungwa kwa mukia, hata katika uzi. Nilikuletea shati lake na uzi mweusi. Ulilishika magotini muda mrefu, ukasema: “Tumuache wazi, nkambo. Kidogo tu.” Mimi ninayewagombeza mpaka kuku wa jirani, nilikunja uzi mweusi nikaurudisha. Tukamuacha wazi. Kila shati la Kibanda lenye jina lake lilitoka na ile nafasi, na mimi nikipima kidole gumba changu pale, ninapata pa kupumulia mimi pia. Hilo sijamwambia muntu. Sasa boti nzima inajua.

Na kile kitambaa cha mifano? Ulikishona mwenyewe ili majina yasipotee: langu, la mama yako, la mujomba wako Kalume, lako, na mikia yote, mikia kwa uzi mweusi. Nilikuambia: “Mukia usitoke hapa kwenda kwenye nguo ya muntu.” Ukalamba kidole, ukakielekeza juu, ukaapa.

Ndipo akaja yule Patroni, tajiri wa kushonesha nguo Kisangani, na abakosti yake ya bluu na kalamu mbili mufukoni. Muntu mumoja, kalamu mbili: kwa nini? Alishika upindo wetu kwa ncha za vidole kama anashika mukia wa panya. Chai yangu hakuinywa. Akaniuliza: “Mama, nani mwingine anajua kusoma hizi alama?” Nikamwambia: “Kwa nini unauliza?” Akasema anauliza tu. Mwamini, hakuna anayeuliza tu. Lakini wewe ulikuwa umeshasikia kuhusu atelie yake, nyumba ya kushonea yenye taa za umeme na mashini zinazoshona bila kukanyagwa. Ukapanda boti kwenda kumufanyia kazi. Kitambaa cha mifano kilikuwa ndani ya valizi yako ya safari, chini ya kikwembe, kile kitenge cha mama yako. Ninajua, kwa sababu nilipekua valizi. Ndiyo, nilipekua. Na ningepekua tena.

Sasa sikia kilichotokea.

Karani wa boti alimpa Kalume kifurushi bandarini. Mujomba wako, unamujua, mikono yake inafika kabla ya akili: akafungua palepale. Libaya ya kijani, nzuri, kitambaa chekundu shingoni, paa limetazama juu. Akapitisha kidole kwenye upindo. Jina langu. Akaendelea. Mukia. Umefungwa kabisa, kwa uzi mweusi. Barua hata hakuigusa. Akasema moyoni: Mwamini ametuma habari, mama amekufa ku shamba na sisi hatujui. Akakimbia nyumbani, akashusha lukumbi, akapiga.

Mimi nilikuwa ng'ambo, mulangoni kwa kibanda, ninamenya muhogo. Nikasikia ninaitwa. Nikasema, Kalume anataka nini tena? Halafu nikasikia mukia wangu.

Mwamini, hakuna muntu anayepaswa kuusikia wake. Kisu kilianguka. Nilijishika mukono kuona kama iko moto. Jirani yetu wa shamba akasimama katikati ya mihogo yake, akanitazama, akarudi nyuma hatua mbili.

“Mama,” akasema, “njo wewe?”

“Njo mimi! Ulitaka nani?”

“Wanasema umekufa.”

“Basi nipeleke kwenye mutumbwi nikawaulize nilikufa na nini.”

Nilifika uani kwangu nikakuta mikeka imetandikwa na wanawake wamefungua nywele. Yule mwanamuke wa mulango wa tatu, asiyenisalimu tangu tugombane juu ya bata, njo alikuwa analia kuliko wote. Nikasimama nyuma yake, nikamwambia: “Endelea, mama, ninasikiliza.” Alianguka. Kalume alishika miguu yangu, akauliza: “Mama, unakula?” Nikamwambia: “Nilikuwa karibu kula, umeniua kabla ya sombe, majani yangu ya muhogo, kuiva.” Wakacheka, wakalia, wakacheka. Mama yako peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa na ile libaya magotini, kama wewe ulivyokaa na shati la Ramazani.

Siku ile nilikasirika mpaka nikapona baridi ya mifupa. Nikasema: mutoto huyu ametuuza. Amempa yule wa kalamu mbili kitambaa, majina yetu yanafungwa mashini ikienda mbio, na kesho sokoni nitakutana na muntu nisiyemujua amevaa kifo cha Kalume mbele na cha mama yako nyuma. Nikasema: hata jina lake mwenyewe ameliuza.

Lakini nikalala na kuamka na libaya hiyo, nikaipitishia kidole tena na tena. Na kitu kimoja kinakataa. Wewe ulishindwa kumufunga Ramazani, naye alikuwa chini ya udongo. Utawezaje kunifunga mimi, unayejua niko hapa ninamenya muhogo? Mukono ule si wako. Ushono wako unavuta kidogo kushoto, tangu ulipojikata kidole na panga. Ule umenyooka kama reli. Aliyeshona alikiona kitambaa cha mifano na akanakili vyote, bila kujua ni nini. Maana yake wewe hukuwa pale kumwambia acha. Kama ungekuwa pale, ungepiga kelele mpaka Ubundu wasikie.

Basi ulikuwa wapi?

Njo swali langu, na tangu nilipolipata hasira yote imeniachia woga peke yake, na woga mimi sijui kuugombeza. Barua ya mashini inasema uko muzuri, kazi inaendelea, unanisalimu. Hainiulizi kama yule karani ameinamisha kichwa. Wewe huwezi kuandika bila kuuliza hilo.

Kwa hiyo sikia, na wote mnaosoma sikieni. Wewe Patroni, kitambaa cha mifano kirudi Kindu kwa boti hii hii, na mashini zako ziache majina yetu. Usinitumie zawadi.

Wewe Mwamini, libaya ninaiweka kibandani, juu ya mashini. Mukia wangu sitaufungua mimi, na Kalume nimemukataza. Utaufungua wewe, uzi kwa uzi, umekaa chini pale pakavu, na mimi nikikugombeza. Kuja.

Na kama kuja wamekuzuia, au unaumwa, au unaona haya, usiniandikie neno hata moja. Maneno yanapigwa na mashini ya ofisi. Chukua kipande cha kitambaa, cho chote, hata cha kufutia meza. Shona jina lako kwa mukono wako, uvute kushoto kama kawaida yako. Mupe karani wa treni, atampa karani wa boti, na mimi nitakuwa bandarini nimenyoosha kidole.

Mwisho wake uuache wazi.

Mimi nkambo yako, muzima