Karatasi ya Kukukataa, Baba Furaha

Baba Furaha, mume wangu uliyelala mbali,

Nimeketi sakafuni mwa nyumba yetu ya Mulongwe, kwa sababu viti vimeshatolewa. Nakuandikia ukiwa chini ya udongo wa kambi ya wakimbizi ya Tanzania, mahali ambapo sijapaona na labda sitapaona. Jana nilifanya jambo kwenye tribinali, mbele ya mahakama, na sitaki ulisikie kwa mwingine.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuja deponi kwako, kwenye ghala lako la magodoro, kununua godoro la mama yangu mgonjwa. Ulivua viatu, ukajilaza juu yake mbele ya wateja wote, ukafumba macho. "Mama yako akikosa usingizi," ukasema, "weye uje unidai miye." Nilicheka mpaka nikasahau kupatana bei. Ulilibeba mwenyewe kichwani hadi kwetu Kalundu, na ulipoondoka mama akasema huyo hakuja kwa ajili ya godoro.

Halafu vita. Milio ya masasi ya bunduki ilianza upande wa Makobola, na siku ya tatu askari wakavunja depo. Hata leo sijui walikuwa wa nani. Kila kundi lilisema ni lingine. Tulisimama ng'ambo ya barabara umenishika mkono, tukiangalia magodoro yakipanda kuelekea milimani, moja moja, juu ya vichwa vya watu. Mengi yalikuwa bado ya yule tajiri wa Bujumbura aliyekukopesha.

Wajumbe wake walipofika na kusema utaozea gerezani, uliacha kula. Uliniambia, "Mama Furaha, masasi siogopi. Naogopa kufungwa watoto wakiniangalia." Wiki ile ile ukapanda boti ya kwenda Kigoma. Majirani walifikiri umekimbia vita. Mimi peke yangu nilijua unakimbia deni. Miezi minne baadaye jirani yetu Amisi akarudi kutoka kambini na shati lako, na habari ya kipindupindu.

Matanga hayajaisha, wajumbe wakarudi. Sasa walimtaka mjane.

Nikaanza kutafuta avoka, wakili wa kunitetea. Kwanza niliangukia kwa mwongo, mtu aliyevaa tai aliyesimama barazani mwa tribinali. Alichukua vitenge vyangu viwili vipya, eti vya kufungulia dosie, faili la kesi yangu, na sikumwona tena. Sista wa dispensari ndiye aliyenifungua macho: jina la avoka wa kweli liko kwenye orodha ya chama chao, unaomba kuona kadi yake, na akipokea kitu anakuandikia risiti. Ndivyo nilivyompata Metre Sifa, maana maavoka huitwa Metre, mwanamke mfupi wa Bukavu anayeshuka kwetu kila barabara ya Ruzizi inapofunguka.

"Mama, kuko karatasi weye ulitia saini?" aliniuliza kwanza.

"Hakuna."

Nikamtolea cheti chako cha biashara na daftari zako zote za hesabu. Alizisoma ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho aliondoa miwani.

"Huyu hakupaswa kukimbia," akasema.

Akanieleza polepole. Mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa anakwenda tribinali mwenyewe, mapema, na vitabu vyake, anasema nimeshindwa. Tribinali inatangaza kwamba amefilisika na kumteua mtu wa kusimamia mali iliyobaki. Mali inauzwa, wadai wanagawana, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuja peke yake kumtishia mlangoni. Anapoteza mengi, pengine hata nyumba.

"Na gereza?"

"Gereza ni ya ule anaficha mali ao anadanganya. Kuibiwa na vita haiko kosa, Mama. Daftari yake iko safi."

Nililia mpaka watu waliokuwa wakingoja nje wakachungulia. Baba Furaha, kulikuwa na mlango! Tulipita mbele ya tribinali ile kila Jumapili tukienda misa, na hakuna kati yetu aliyejua kuingia na kuuliza. Ulikufa ndani ya hema ukikimbia gereza ambalo halikuwa lako.

Nikauliza kama bado kuna la kufanya. "Kwa marehemu nimechelewa," Metre akasema. "Kwako imebaki njia moja. Anayepokea mali ya marehemu anapokea na madeni yake. Ukikataa yote, nyumba itakwenda kwa wadai, lakini wadai hao hawatawafuata tena weye na watoto."

Jana karani alisoma kwa sauti: mjane, kwa niaba yake na ya watoto wake, anakataa mali yote na haki zote za marehemu. Jina lako lilitamkwa mbele ya watu wasiokujua. "Umeelewa, Mama?" Nikajibu ndiyo. Saini yangu ikaharibika, karani akanipa karatasi nyingine. Ikabidi nikukatae mara ya pili.

Kesho tunahamia kwa dada yangu kule Kavimvira, sisi wanne katika chumba kimoja. Metre anasema nimewaokoa watoto. Nasikia maneno yake, lakini ndani hayanigusi. Furaha aliniuliza kama wao bado ni watoto wako. Nikamwambia ndiyo, haraka, kabla sijaanza kufikiri karatasi inasema nini.

Unisamehe. Kama huko mliko mnasoma ya huku kwetu, ile ya tribinali usiisome. Soma hii.

Mke wako,
Mama Furaha