Mama Taratibu, Uliyejifunza Kuuliza Kwanza

Mwaka umetimia, mama yetu, tangu ututoke, na bado tunajisahau tunaweka sahani yako mezani.

Mtaa mzima ulikuita Mama Taratibu, maana katika kazi yako ya ushauri wa afya ya akili hukumharakisha mtu. Sisi wanao tunajua ulivyotukimbiza asubuhi tukichelewa shule, lakini jina lilishakaa. Kila siku kabla ya kazi uliketi robo saa ukifuata pumzi zako. Ulisema huwezi kumpa mtu zoezi usilolifanya mwenyewe. Baba alijaribu kuketi nawe mara moja tu. Ukamuuliza, "Mume wangu, unavuta pumzi au unakoroma?"

Siri za wateja wako hukuzileta nyumbani. Ulichotuletea ni kosa lako. Siku moja hukugusa chakula, ukasema, "Leo nimemuumiza mtu." Ulikuwa umemwambia mteja afumbe macho, afuate pumzi, kama ulivyowaambia wengi, bila kumuuliza yaliyompata huko nyuma. Akatetemeka, akatoka mbio. Baba akakubembeleza, "Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Ukamjibu, "Na yeye asiporudi, je?"

Kesho yake ulimweleza mshauri mwenzako aliyekusimamia, wala hukujitetea. Ukampigia mteja simu moja ya kumwomba radhi, kisha ukamwachia aamue mwenyewe. Wiki nne uliiacha wazi saa yake ya kila wiki, ukakaa peke yako katika chumba cha ushauri. Tulipokwambia umpe mwingine, ulisema, "Bado ni saa yake."

Tangu hapo kiti cha mteja kilitazama mlango, aione njia ya kutoka. Ulimuuliza kila mtu kwanza, ukamwambia anaweza kubaki macho wazi na anaweza kusema basi wakati wowote. Wengine hukuwapa zoezi kabisa, mliongea tu. Wanafunzi uliowafundisha ushauri walipolisifia zoezi lile kuwa dawa ya kila kitu, uliwakatiza: "Hata maji humpalia mtu, wanangu." Tulikupendea hilo, mama. Ulikuwa bingwa, na hukuona haya kujifunza upya.

Kama yule mteja alirudi, hukutuambia, nasi hatukuuliza. Siku tuliyokuzika, mwanamke tusiyemjua alimshika mkono binti yako mkubwa.

"Mimi ndiye niliyemkimbia mama yako," alisema. "Nilirudi wiki ya tano. Tukiwa katikati ya zoezi nikamwambia basi. Akaacha palepale. Mwanangu, katika maisha yangu, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia basi, akaacha."

Unakumbukwa na mumeo, mama yako mzazi, binti zako wawili, kitinda mimba wako, kaka zako, mawifi, mashemeji, na mjukuu uliyemwacha anatambaa, ambaye sasa anakimbia nyumba nzima.

Pumzika, Mama Taratibu. Tukiwa hai, hutasahaulika.