Saa Nane ya Kompyuta

Birongo, 4 Machi 2024

Kaka Ogoti,

Bwakire buya, umeamkaje? Huku tu wazima. Mama anachuma chai yake na kulalamikia magoti. Kifua chako kinaendeleaje na hii mvua?

Zahanati yetu imeanza kutumia programu yenu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa. Kazi nzuri, na ni ya bure. Lakini Kiswahili chake kina kosa baya. Daktari akiweka 8:00, simu inamwambia mgonjwa "saa nane". Saa nane kwetu ni mchana! Ilipaswa kuwa saa mbili asubuhi. Mama naye anaitumia, na sindano yake ya sukari ni ya asubuhi, kabla ya uji. Rekebisheni leo.

Dada yako,
Bonareri

Kisii, 9 Machi

Dada mpendwa,

Kifua kimetulia, asante. Nisalimie Mama.

Makosa ya programu hayaletwi kwa barua za nyumbani. Kuna ukurasa wa ripoti. Andika huko kama wengine.

Kaka yako,
Ogoti

Birongo, 15 Machi

Kaka,

Natumaini umeamka salama. Sisi tupo.

Niliandika. Ukanijibu mbele ya watu wote: "Soma maelekezo kwanza. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane." Kisha ukaifunga ripoti. Mgonjwa wa Birongo huhesabu kuanzia jua linapotoka, kama ulivyohesabu wewe kabla ya digrii!

Nimemwambia Mama aachane na hiyo simu. Amenicheka: "Wewe ni wa sindano, Ogoti ni wa mashine. Kila mtu akae kwa kazi yake." Basi mpigie wewe. Atakusikia.

Dada yako,
Bonareri

Kisii, 20 Machi

Dada,

Nakusalimu, ingawa kwako salamu zimekuwa za kupasha misuli kabla ya vita.

Uliandika kwenye ukurasa wa ripoti kwamba tafsiri yetu ni "sumu ya mtu aliyelala darasani". Mtu huyo ni Machogu. Alitafsiri wiki tatu kwa kujitolea. Juzi amejiondoa. Tulikuwa sita, sasa tuko watano. Ninyi mnatumia jasho la watu bure, halafu mnawatukana. Ukijifunza kuomba kwa heshima, tutaangalia.

Mama nitampigia nikipata nafasi.

Kaka yako,
Ogoti

Birongo, 23 Machi

Kaka,

Hujambo? Mama hajambo, anakuulizia.

Neno lile kwa Machogu lilikuwa kali mno. Nimemwandikia kuomba radhi. Amenijibu siku hiyo hiyo kwamba saa alizikosea kweli. Yeye amekubali. Umebaki wewe.

Heshima unayotaka hii hapa: nakuomba, tafadhali. Lakini niambie, ningeanza kwa upole ungesikia? Barua yangu ya kwanza ilikuwa na tusi gani? Dawa ikigawiwa bure, mgonjwa bado ana haki ya kuuliza ni dawa gani. Wewe hulindi watu wanaojitolea. Unalinda jina lako.

Umempigia Mama?

Dada yako,
Bonareri

Kisii, 2 Aprili

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Nimekupigia tangu jana, hupokei. Jirani yenu Abner ndiye aliyeniambia: Mama alijidunga saa nane mchana, akarudi shambani bila kula, akaanguka katikati ya michai. Anasema bado hajazinduka.

Nilikuwa nimepanga kumpigia Jumapili.

Nimebadilisha saa zote kwa mkono wangu. Toleo jipya limetoka leo. Tafadhali lipitie, simwamini mtu mwingine. Useme lolote, kwa ukali wowote. Na uniambie hali ya Mama.

Kaka yako,
Ogoti

Birongo, 5 Aprili

Ogoti,

Mama alifariki jana asubuhi. Mazishi ni Alhamisi ijayo.

Nimelipitia toleo lako. Asubuhi iko sawa. Usiku bado: daktari akiweka 20:00, inasomeka "saa mbili asubuhi". Mgonjwa mwenye sindano ya asubuhi na ya usiku atajidunga mara mbili kabla ya uji. Hapa wanaoitumia ni arobaini na mmoja.

Rekebisha kabla hujapanda gari kuja.

Bonareri, muuguzi