Kijiti Kifupi

Leeds, 4 Januari 2024

Dada Recho,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Mguu wa Baba unaendeleaje? Wanao hawajambo?

Krismasi nimeikesha kazini na wazee ninaowahudumia. Tulivuta mirija kuamua nani abaki, nikapata mfupi, na mwenzangu akacheka akasema kwa Kiingereza kwamba nimevuta kijiti kifupi. Kumbe ndivyo wanavyomwambia mtu aliyeangukiwa na jambo baya kwa bahati tu. Eti zamani walificha vijiti mkononi, vyote sawa ila kimoja, na aliyevuta kifupi ndiye aliyebebeshwa kazi ngumu.

Nikakukumbuka. Si ndivyo alivyofanya Mama siku ya kuamua nani kati yetu aende sekondari? Nilivuta kirefu, wewe kifupi. Nimefarijika kuona sheria ni ile ile hata huku.

Mdogo wako,
Winfrida

Kibirizi, 19 Januari 2024

Mdogo wangu Winfrida,

Marahaba. Sisi hatujambo, uvimbe wa mguu umepungua, dagaa wanapatikana.

Nilimsomea Baba barua yako. Akauliza nani alivuta kifupi. Nikasema mimi. Akaweka kikombe cha chai chini, akasema, "Basi ilikuwa uende wewe."

Nimechanganyikiwa. Anasema kwenye mtumbwi wao kifupi ndicho kinachoshinda: mwenye nacho huchagua kwanza, hata samaki wa mboga. Alimwachia Mama kazi ya kutuvutisha vijiti akaenda kuvua Ilagala, hakufikiri kama kuna la kueleza. Mama naye mtu wa Kalinzi, kwao kule mlimani kifupi ni kukosa. Baba aliporudi alikuta umeshapelekwa kwa shangazi Ujiji, akadhani wewe ndiye uliyevuta kifupi. Hakuuliza. Na Mama hayupo tena wa kuulizwa.

Sasa nani alishinda? Nikianika dagaa najikuta nimesimama tu. Mara nacheka, mara nina hasira, na hata sijui namkasirikia nani. Wewe uliyesoma, nieleze.

Dada yako,
Recho

Leeds, 2 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Nimesoma. Sijui nianze na samahani au nisianze. Nipe muda.

Winfrida

Kibirizi, 23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kweli, maana simu hupokei na barua hujibu. Baba hali chakula vizuri siku hizi. Kila jioni anauliza kama umeandika, nami namdanganya kwamba umebanwa na kazi.

Lile swali langu naliondoa. Hukuniibia kitu. Ulikuwa mtoto, ulivuta kilichokuja mkononi, ukaambiwa funga mizigo. Bado sijaelewa, na sidhani kama nitaelewa, lakini hasira imeisha, nimebaki na hofu.

Andika, hata kama ni kunigombeza. Shule niliikosa bila kujua. Wewe nakukosa huku naona.

Dada yako,
Recho