Homa Hii Hainitoi Shule

Chumbageni, Tanga

Baba yangu,

Shikamoo. Nauliza hali yako na ya Mama, na kama karafuu zimeanza kuchumwa. Mimi leo ni mzima, ndiyo maana mwandiko wangu unasomeka.

Barua yako nimeipata. Umesema homa hizi zinazokuja na kuondoka ni dalili kwamba Tanga imenikataa, niache shule nirudi Pemba kabla sijaletwa nimebebwa. Baba, wajua mimi si mbishi. Hata darasani nikijua jibu hunyamaza. Lakini kwa hili nabisha: sirudi.

Homa ilikuwa ikinishika siku mbili tatu, kichwa kinagonga na mifupa inauma, kisha natoka jasho na kupona kabisa. Baada ya wiki hivi, inarudi. Kwinini nilimeza, ikarudi vilevile. Kila ikinishika, Shangazi hunifunika blanketi na kufunga madirisha, kwa kuwa mwenye homa hatolewi kwenye upepo. Ikiisha ndipo tunakwenda hospitali. Huko dresa, yule msaidizi wa daktari, alinigusa paji la uso akacheka.

"Mwanangu, homa yenyewe iko wapi? Umeiacha nyumbani?"

Alipima damu, hakuona kitu. Tulikwenda mara ya pili, ikawa hivyo hivyo. Shangazi akasema ni pepo. Wenzangu shuleni wakasema naogopa hesabu.

Nikafikiri: mbona tunamwita askari mwizi akishaondoka? Juzi iliponishika tena, niliinuka kitandani nikavaa buibui.

"Wenda wapi na joto hilo?" Shangazi akauliza.

"Hospitali."

"Upepo ukikupiga utapinda mdomo. Nani atakuoa na mdomo wa pembeni?"

"Asiyeutaka asinioe, Shangazi."

Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Alinigombeza njia nzima, na njia nzima alinishika mkono nisianguke.

Nilimwambia dresa, "Leo nimekuja nayo." Hakucheka. Alinitoboa kidole, akatazama damu kwenye darubini, akamwita daktari naye atazame. Ni homa ya papasi, wale kupe wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo na kuuma watu wakilala. Nadhani waliniuma Pongwe, tulipolala chini kwa jamaa zetu. Daktari alisema vijidudu vya homa hii huonekana kwenye damu joto likiwa juu, likishuka havionekani. Amenichoma sindano. Huenda homa ikarudi, na ikirudi ameniamuru niende siku ile ile, nisingoje nafuu.

Kwa hiyo Tanga haikunikataa, Baba. Nimeumwa na mdudu, na dawa yake iko hapa. Huko kwetu hakuna darubini, wala darasa langu la wasichana halipo. Nikiondoka sasa, papasi atakuwa amekula damu yangu na masomo yangu pia. Damu imemtosha.

Msalimie Mama, umwambie nakula. Msalimie Bibi, umwambie yule mbuzi aliyemtenga kwa ajili ya pepo wangu amwachie aendelee kula majani. Mdogo wangu Khamisi mwambie asiguse vitabu nilivyoviacha kabla hajanawa mikono.

Najua barua hii itakukasirisha. Hasira zako nitazipokea nikija likizo, nikiwa nimekaa mbele yako. Radhi zako, Baba, nazihitaji sasa, nikiwa huku.

Mwanao akupendaye,
Zuhura