Jiwe Lililoyeyuka Kwenye Karai

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo utanifokea hata huko uliko. Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya pipa la maji, maana kukaa kunanishinda. "Kabula, kaa chini, una siafu makalioni?" Ulinisema hivyo tangu niko mdogo, na tangu tukuzike hao siafu wamezidi. Naosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Nachochea moto wakati wali umeshaiva. Wateja wangu wa chakula kule kambini wananiambia pole, nami nawauliza kama wanaongeza maharage.

Lakini leo nina habari, baba. Habari za lile jiwe lako.

Unakumbuka siku uliyotoka kwenye lile handaki la zamani, lililochimbwa na wakoloni likaachwa, umeshika kopo la maziwa kwa mikono miwili? Tulijazana wote. Ndani mlikuwa na ukoko wenye rangi ya kiini cha yai la kienyeji, unang'aa vipunje vipunje. Ulisema umeubandua ukutani kwa ncha ya kisu. Baba mdogo Ngassa alikuwepo, Ngassa mwenzako wa Songwa, mliyechunga naye ng'ombe, mkaenda naye Geita kutafuta dhahabu, shimo lenu moja na ugali wenu mmoja. Alichungulia kwenye kopo, akapiga mluzi, akakugonga mgongoni: "Masanja, tumetoka!"

Ukapanda lori la pamba mpaka Isaka, na kutoka Isaka ukafika Maganzo kwa yule mnunuzi wa mawe uliyemwamini. Kiangazi kile, jua la utosini, na kopo umelifunika kitambaa tu, eti jiwe lipate hewa. Mnunuzi akafunua akakuta vumbi la manjano lililofifia, kama unga wa yale mahindi ya msaada ya miaka ya njaa. Akakucheka mbele ya watu.

Ukarudi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ngassa alitaka kujua kile alichokiona kwa macho yake kiko wapi, akidhani umekiuza kisiri. Ukamwambia jiwe limebadilika lenyewe njiani. Jamani, baba! Nani angekubali? Mtu akikwambia maziwa yameganda njiani utamwelewa, lakini jiwe?

Basi ukarudi handakini kwa hasira, ukabandua kipande kingine, ukakileta katikati ya kambi ili kila mtu aone. Na ukafanya kile ambacho kila mchimbaji wa kule hufanya kabla hata hajafikiri. Ukaliosha. Sisi watu wa dhahabu tunaosha kila kitu. Mtu akiokota chochote chini, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye karai. Ukalizungusha kwenye maji ili ling'ae vizuri, na huku tunaangalia, jiwe likaisha. Maji yakawa rangi ya chungwa, mkononi mwako hamna kitu. Wapo waliokimbia. Wapo waliosema ni kiinimacho. Ngassa yeye alisema neno moja tu, "Mwizi," akaondoka.

Kuanzia siku ile hakukusalimia tena. Hilo ndilo lililonichoma kuliko hata neno lenyewe. Kila asubuhi ulipita mbele ya kibanda chake ukasema "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi ambayo hata mgeni asiyejulikana huitikiwa, na yeye akainama anafunga viatu. Kesho yake ukasema tena. Nilikwambia achana naye, unajidhalilisha. Ukasema, "Ipo siku ataitikia." Ukasema hivyo mpaka malaria ikakulaza, na hata kwenye homa ulikuwa unasalimia ukuta.

Neno lako la mwisho kwangu halikuhusu mimi. Nilikasirika kidogo, nakwambia ukweli. Ulisema, "Sikulibadilisha, Kabula." Tukakuleta nyumbani Songwa, tukakuzika kwenye shamba la babu, na Ngassa hakuja. Rafiki yako wa utotoni hakutia hata konzi moja ya udongo. Kuanzia hapo sikukaa.

Sasa sikia. Mvua zilipokatika walikuja watu wa kupima miamba, na kati yao alikuwa binti mmoja, Neema, nyundo kiunoni. Alikuwa anakula kwangu. Siku moja nilikuwa namkaripia mtu mmoja aliyekuwa anatania habari zako, "jiwe la Masanja la kunywewa na maji," na Neema akaacha kijiko. Akaniomba nimsimulie tangu mwanzo. Nilipofika kwenye karai alishika kichwa: "Mama yangu, mmeliosha!"

Tulikwenda handakini pamoja mchana ule ule. Ukoko ulikuwepo, baba. Pale pale ulipobandua ulishaanza kuota mwingine, mwembamba kama ngozi ya juu ya uji. Alinieleza taratibu huku mimi nazungukazunguka na taa. Mwamba mweusi wa pale una madini yanayoitwa vanadi. Maji ya mvua yakipenya juu ya kilima yanapita katikati ya mwamba, yanachukua vanadi na chokaa kidogo kidogo, yanatokea kwenye ukuta wa handaki. Huko ndani hewa inayakausha polepole, maji yanakwenda na ule ukoko unabaki. Kwa hiyo waliochimba handaki hawakuliona hilo jiwe. Halikuwepo! Limeota baada yao, kwa sababu ya ukuta walioukata. Nilicheka peke yangu mle ndani. Jiwe linaweza kuwa na umri mdogo kuliko mimi.

Na akaniambia hili, baba, nikamshika mkono arudie. Jiwe hilo limeshika maji mwilini mwake, na ndiyo yanayolipatia ile rangi na ule mng'ao. Ukilitoa kwenye unyevu wa handaki ukaliweka juani, maji yale yanatoka, nalo linafifia na kuwa vumbi la manjano. Ukilitia majini nako linayeyuka kama chumvi. Alisema ni adimu sana, hajawahi kulishika, na hawezi kuapa jina lake mpaka lipimwe maabara. Nikamwuliza bei. Akasema halina bei, ni la kuangalia tu. Wewe na Ngassa mmekosana kwa kitu kisicho na bei!

Nilitoka mle nakimbia. Nilimkuta Ngassa anapanga magogo, nikammwagia maneno yote kwa mkupuo mmoja. Akaniambia, "Mwanangu, una uchungu. Nenda kapumzike." Kupumzika! Mimi!

Kesho yake nikatandika kazi mbele ya mgahawa wangu. Kipande kimoja cha ule ukoko tulioubandua na Neema nilikifunga kwenye chupa ya dawa yenye kifuniko cha kukaza. Kingine nikakiweka kwenye kifuniko cha sufuria, juani. Cha tatu nikakitia kwenye sahani nyeupe ya bati nikamimina maji kidogo, kikaisha kama kile chako. Sikumwita. Nilijua atakuja kunywa chai, na alikuja. Alikunywa akiangalia pembeni, akarudi saa sita kunywa nyingine, mtu ambaye hanywi chai mchana. Kile cha juani kilikuwa kinaanza kupauka. Cha kwenye chupa kilikuwa kama kilivyotoka. Alishika chupa, akashika kifuniko, akaweka, akashika tena.

Halafu akaona sahani. Maji yalikuwa yamepungua, na ukingoni kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Kuku wangu mmoja akaja kutaka kunywa na Ngassa akaruka kumfukuza kama mtu anayefukuza fisi zizini. Akavuta kigoda akakaa pembeni ya ile sahani. Alikaa pale mpaka jua likalegea, anafukuza kuku na kuzuia watu wasimwage, na maji yakaisha, na jiwe lako likarudi, baba. Limetandaa kwenye bati lote, la chungwa, vipunje vipunje. Hakuna aliyelibadilisha. Lilikuwa kwenye yale maji uliyoyamwaga kwa aibu.

Ngassa alivua kofia. Alisema, "Aliniambia." Akarudia, "Masanja aliniambia," mzee mzima analia mbele ya wateja, na mimi sikumfariji. Nilisimama nikamwacha alie. Nadhani ulistahili hayo machozi.

Tumekuja wote Songwa kwa lori, na hii ya leo ndiyo asubuhi ya pili. Jana alikuja kwenye kaburi lako na jembe begani. Alipalilia majani, akajenga ukingo wa mawe vizuri kuzunguka. Alipomaliza alifuta mikono kwenye suruali, akasimama miguuni pako, akasema, "Mwangaluka, Masanja."

Akasubiri. Wallahi baba, alisubiri kweli, kichwa ameinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Sikuweza kuvumilia. Nikaitikia mimi, kwa niaba yako, "Mwangaluka." Nikakaa chini pale pale kwenye udongo, na sikuinuka mpaka mama akatuma mtu kutuita chai.

Chupa nimeifunga kwa nta, iko kwa mama, na nimemwambia asiifungue hata aje nani. Ngassa tunarudi naye kambini kesho. Nakuahidi, kila asubuhi atakapopita mbele ya mgahawa atasalimia, nami nitaitikia mara mbili, moja yangu na moja yako.

Lala, baba. Nimekaa sasa. Pipa nimeliacha tangu pale nilipofika kwenye kuku.

Mwanao,
Kabula